Duara Kubwa la Kamanga

Mimi ni mtu wa kisasi. Nalisema mapema ili asije mtu akafika katikati ya maelezo haya akaanza kunihubiria. Wapo waliojaliwa kusamehe, Mungu awabariki, wengine ni ndugu zangu wa damu na tunakula sahani moja. Mimi sikujaliwa. Ukinikanyaga nitasema si kitu, nitatabasamu, nitakupisha njia, na nitakikumbuka kiatu ulichovaa.

Nilikuwa nafundisha jiografia katika chuo kimoja hapa Mwanza, kwa mkataba wa muda. Mkataba wa muda ni kama kukaa harusini kwenye kiti cha mtu aliyetoka kidogo. Kila mlango ukifunguka unageuka. Wenzangu walijenga, wakasomesha, wakakopa na kulipa, mimi kila mwaka unapoisha naandika tena barua ya kuomba kazi ambayo tayari naifanya. Nilikitaka kitu kimoja tu, ajira ya kudumu, na nilikitaka hadi usingizini.

Mkuu wa idara yetu, ambaye sote tulimwita Dokta, alilijua hilo. Ndipo aliponishikia.

Ilikuwa baada ya daraja la Busisi, lile linalovuka ziwa, kufunguliwa. Mji mzima uligeuka wataalamu wa vivuko. Huyu anasema kivuko cha Kamanga kimekwisha, yule anasema hakiishi ng'o, maana mama mwenye beseni la nanasi hawezi kuzunguka hadi Busisi kwa ajili ya kuliona daraja. Wakubwa fulani walikuwa na mpango wa kujenga banda la soko la wafanyabiashara wadogo wanaovuka, lenye paa na sakafu ya zege, lakini hawakujua walijenge upande gani wa maji, upande wa mjini au upande wa Kamanga. Wakaomba chuo kiwafanyie utafiti. Swali lilikuwa jepesi: hawa wanaovuka kila siku, mzigo wao wanauuzia wapi?

"Nenda uwandani wewe, mimi nitasimamia," Dokta akaniambia. "Ripoti itakuwa na majina mawili, langu na lako. Nafasi ya kudumu ikitokea, na wewe una ripoti yenye jina lako mkononi, nani atakuzuia?"

Nikaenda. Nilikaa Kamanga asubuhi na upande wa mjini mchana, kiangazi chote hadi mvua za kwanza zikanikuta. Kama hujawahi kumhoji mfanyabiashara anayewahi kivuko, hujui kazi. Hasimami. Unamfuata mbio, unamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," anaitikia bila kugeuka, halafu anakupa kitu ushike ndipo mdomo wake ufunguke. Nimeuliza maswali ya utafiti huku nimeshika jogoo. Nimeandika majibu juu ya gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mwenye gunia akinihimiza nimalize upesi maana nimelikalia. Siku moja upepo wa ziwa ulinichukulia madodoso matatu yakaelea, na kijana wa mtumbwi akayafuata akicheka. Nilichoka, lakini nilikuwa na furaha, maana nilijua ninachokifanyia kazi.

Sasa, jambo lenyewe liko kwenye neno moja. Ukimuuliza mtu wa Kamanga, "Mzigo wako unauuzia wapi?" hakutajii Mwanza. Anainua kidevu kuelekea mjini, anasema, "Ng'ambo." Ukivuka, ukamuuliza wa mjini anayepeleka sabuni na vyombo vya plastiki Kamanga, naye anainua kidevu kuelekea alikotoka yule wa kwanza, anasema, "Ng'ambo." Wote wanasema kweli. Mimi nimezaliwa upande wa Kamanga, na utoto wangu wote ng'ambo ilikuwa mjini, kwenye taa. Nilipohamia mjini kusoma, ng'ambo ikawa kwa mama. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kubabaika. Majibu ya Kamanga niliyaweka kwenye jedwali lake, ya mjini kwenye jedwali lake, na nikamwandikia Dokta juu kabisa kila jedwali limetoka upande upi.

Kisha nikachora ramani. Nina imani yangu kuhusu ramani, na kwa imani hiyo naweza kugombana na mtu hadi jua lizame. Ramani nzuri ni ile mtu anaielewa kabla hujafungua mdomo. Rangi isiyo na kazi ni uchafu. Niliacha ziwa likawa kijivu, nikaweka kingo mbili, na katikati mishale miwili: mmoja mnene, unaotoka Kamanga kwenda mjini, mwingine mwembamba, unaorudi. Unene wa mshale ni wingi wa watu. Basi. Mtu yeyote anaona kwamba wauzaji wengi wanatoka Kamanga na kuuzia mjini, na banda linatakiwa mjini, pale wanaposhushia mzigo na kuutandaza juani.

Dokta aliitazama kidogo, akaisukuma pembeni na kikombe chake cha chai.

"Hii mbona ya darasa la saba? Wale ni watu wazito, wanataka kuona kazi. Nitumie hizo takwimu, nitachora mwenyewe."

Nikamtumia. Nilifikiri anataka kuipamba tu, na kupamba si dhambi.

Siku aliyoniita ofisini kunionyesha ripoti, nilisoma jalada nikadhani macho yangu yana shida. Jina lilikuwa moja. Nikafungua ndani, jina moja. Nikafungua hadi mwisho, kwenye shukrani, nikajikuta nimebanwa kati ya dereva wa chuo na mama wa chai. Sina ubaya na mama wa chai, chai yake naipenda. Lakini hakushika jogoo wa mtu yeyote Kamanga.

"Dokta, tulikubaliana majina mawili," nikasema.

"Dada yangu, hesabu nimefanya mimi, ramani nimechora mimi. Kukusanya majibu hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakusanya." Alisema hivyo bila hasira, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. "Wewe tulia, mambo yako nitayaangalia. Hebu tazama lakini kazi ilivyotoka."

Sikulia. Mimi silii mbele ya watu wa namna hiyo. Nikageuza macho kwenye ramani kwa sababu nilihitaji mahali pa kuyaweka.

Ilikuwa balaa. Rangi zote za duka la vitenge zilikuwepo. Juu ya ziwa alisimamisha nguzo zenye vivuli, utadhani mtu kapanga chupa za soda majini. Pembeni kulikuwa na duara limekatwa vipande na kuachanishwa kama keki ya kipaimara, kila kipande na rangi yake, na ufunguo wa kukueleza rangi hizo ulikuwa ukurasa wa pili. Mshale wa kaskazini ulikuwa mkubwa kuliko kisiwa chochote. Na katikati ya fujo yote hiyo, juu ya Kamanga, paliketi duara jekundu, kubwa, limeimeza Kamanga yenyewe na barabara na kipande kizima cha wilaya ya Sengerema. Kwa upande wa mjini kulikuwa na kaduara kadogo ka kijani, kanaona haya.

Nikatazama tena. Ndipo nikaelewa alichofanya. Alichukua majedwali yangu mawili akayaunganisha kuwa moja. Maelezo niliyoandika juu aliyafuta ili jedwali lipendeze. Akakuta ng'ambo, ng'ambo, ng'ambo, kuanzia juu hadi chini. Akajiuliza ng'ambo ni wapi, na kwa kuwa amekaa ofisini mjini, akatazama nje akaiona ile pale, ng'ambo ya maji, Kamanga. Akawahamishia wote huko, ukitoa wachache waliotaja mjini kwa jina, ndio wale wa kaduara ka kijani. Hata wale wanawake wa Kamanga wanaovuka alfajiri na nanasi zao kichwani kuja mjini, kwenye ramani yake walikuwa wanauzia Kamanga.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kweli niliufungua, maana mwalimu akiona kosa mkono unamwasha.

"Nzuri, eh?" akasema Dokta.

"Nzuri sana, Dokta," nikasema.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sikuwahi kukaa kimya kitamu kama kile. Zile wiki za kusubiri mkutano nilinenepa. Nilikuwa narudi kwangu Igoma jioni, napika wali wa nazi siku isiyo ya sikukuu, jirani ananiuliza kama nimepata mchumba. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba Dokta ataliona kosa mwenyewe au ataugua mkutano uahirishwe. Alipokohoa siku moja kwenye korido nilimletea tangawizi. Nilimwombea afya njema, na niliomba kwa dhati. Alipotaka ramani ichapishwe kubwa, ya kutundika ukutani, mimi ndiye niliyesimama dukani kuhakikisha rangi haififii. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mtu ataniuliza, na banda je? Na wale mama wa nanasi? Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Niliwajua watu wa kwetu. Nilijua watakuwepo ukumbini, na nilijua ramani ile haiwezi kukaa mbele ya macho yao ikatoka salama.

Mkutano ulifanyika asubuhi, ukumbi umejaa. Mbele walikaa wakubwa wenye mpango wa banda, pamoja na mkuu wetu wa chuo, mama mtu mzima ambaye sote tulimwamkia shikamoo na kumwogopa kidogo. Nyuma walikaa wafanyabiashara wa kivuko, wa pande zote mbili, na diwani mmoja aliyevuka nao kutoka ng'ambo, mwanamama mwenye kitenge cha njano na sauti ya kuitia ng'ombe. Mimi nilikaa pembeni karibu na dirisha, mahali ninapomwona Dokta vizuri.

Alizungumza vizuri, simnyimi haki yake. Alikuwa na suti mpya. Akaeleza nguzo, akaeleza keki, akafika kwenye duara jekundu akaligonga kwa fimbo. "Kama mnavyojionea wenyewe, karibu wafanyabiashara wote wanauzia mzigo wao hapa, Kamanga. Kwa hiyo utafiti unapendekeza banda lijengwe Kamanga."

Wafanyabiashara wakatazamana. Mnong'ono ukapita viti vya nyuma. Diwani akasimama, akawaamkia wakubwa, akashika kiuno.

"Dokta, mimi natoka huko huko lilipo duara lako. Na nanasi zangu nauzia mjini tangu sijawa diwani. Sasa naomba unieleweshe. Kama sisi wote tunauzia Kamanga, asubuhi tukipanda kivuko na mabeseni kichwani, huwa tunakwenda kutembea?"

Ukumbi ulicheka hadi wakubwa wakainamisha vichwa. Dokta alitabasamu kwa subira.

"Mama, mimi siongezi wala sipunguzi. Takwimu ndizo zinazosema. Mliulizwa, mkajibu wenyewe, ng'ambo."

"Ndiyo, tulijibu ng'ambo. Ng'ambo ni wapi?"

"Ng'ambo ni Kamanga."

"Kwako wewe uliyekaa huku," akasema diwani. "Mimi niliulizwa nikiwa kule."

Nilimwona Dokta akielewa. Nilikuwa nimekaa mahali pazuri, kama nilivyosema. Kwanza macho yalikwenda kwenye ramani, kisha kwenye makaratasi, kisha kwenye ramani tena, na ile fimbo ikaanza kushuka yenyewe. Nyuma kabisa mzee mmoja alimuuliza mwenzake kwa sauti, "Na wewe kwenu wapi?" na mwenzake akajibu, "Ng'ambo," wakacheka upya. Wanafunzi wetu waliokuja kusikiliza walicheka kuliko wote, na tangu siku hiyo, kwenye korido za chuo, yule bwana hana jina lingine. Ni Dokta Ng'ambo. Atastaafu nalo.

Ndipo akafanya jambo ambalo, nakiri, sikulitarajia. Alininyooshea mimi ile fimbo.

"Aliyekusanya takwimu ni huyu mwalimu pale dirishani," akasema, na akataja jina langu lote, la ubatizo na la baba. "Kosa ni lake. Mimi nimechora nilicholetewa."

Kwa hiyo jina langu analijua. Kwenye jalada lilimshinda, kwenye kosa limemtoka lote bila kukwama. Nilisimama, nikaomba kalamu ya ubao. Sikupiga kelele. Nikachora mistari miwili. "Huu ni ukingo wa Kamanga, huu ni ukingo wa mjini." Nikachora mshale mnene. "Hawa walihojiwa Kamanga, wakasema ng'ambo, maana yake mjini." Nikachora mwembamba. "Hawa walihojiwa mjini, wakasema ng'ambo, maana yake Kamanga. Yalikuwa majedwali mawili. Niliyapeleka yakiwa mawili, na juu ya kila moja niliandika limetoka wapi. Nani aliyaunganisha, mimi simjui, jina langu halimo kwenye ripoti."

"Hiyo sasa ndiyo yenyewe," akasema diwani, akaketi.

Mkubwa mmoja mbele alitoa simu akaupiga picha ubao. Ile ramani ya rangi zote haikupigwa picha na mtu. Banda lilijengwa upande wa mjini, nikipita naliona watu wamekaa kivulini, na roho yangu inafurahi. Lakini siku ile sikuwa nafikiria banda. Nilikuwa namtazama Dokta anavyoteremsha ramani yake ukutani, pini moja moja, na hakuna aliyekwenda kumsaidia.

Kesho yake mkuu wa chuo alituita sote wawili ofisini kwake. Faili langu lilikuwa mezani. Hakuzunguka.

"Mwalimu, ripoti itaandikwa upya, na utaiandika wewe. Na ile nafasi ya kudumu imetoka. Nimekwisha kuzungumza na wanaohusika, ni yako." Akavua miwani. "Nina swali moja la kufungia jambo hili. Mwenzako anasema alikuonyesha ramani kabla ya mkutano. Uliliona lile kosa?"

Mama yule alikuwa na huruma, akaniongezea njia.

"Kama hukuliona, sema hukuliona, tuandike hivyo, mambo yaishe. Makosa ya namna hiyo huwapita watu. Hata yeye lilimpita."

Dokta alikuwa amekaa kiti cha pili, ameshika magoti. Akatikisa kichwa kuitikia, taratibu, na nikaona uso wake unalegea. Naye alikuwa analitaka jibu hilo. Lilikuwa linamfaa kuliko hata lilivyonifaa mimi. Kama mimi niliyezaliwa upande ule, mimi niliyeuliza maswali kwa mdomo wangu, sikuliona, basi nani angeliona? Ilikuwa bahati mbaya tu. Angerudi nyumbani akamweleza mkewe hivyo, akala, na baada ya mwezi angesahau kabisa.

Ajira ya kudumu ilikuwa mezani, ndani ya faili la kijani, naweza kuigusa. Neno lililotakiwa lilikuwa moja. Nililitafuta mdomoni, na Mungu ni shahidi, nilitaka kulisema. Kisha nikamtazama tena yule bwana anavyopumua kwa nafuu.

"Nililiona, mama," nikasema. "Nililiona papo hapo, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Nikamwambia ni nzuri sana."

Mkuu wa chuo alirudisha miwani usoni.

"Labda hujanielewa swali."

"Nimelielewa, mama."

"Umekiacha chuo chote kiaibike ili umpate mtu mmoja."

"Ndiyo, mama. Na nilichapisha ramani kubwa ili wa nyuma waione."

Alilifunga faili, akaliweka kwenye droo, na akasema tunaweza kwenda. Hakunifokea. Angenifokea ningejisikia vizuri zaidi.

Dokta alinifuata nje. Alikuwa amepauka, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane aliongea na mimi taratibu, kama anayeongea na mtu.

"Lakini dada, kwa nini hukusema tu hukuliona? Kazi ilikuwa yako. Ungelala umeajiriwa leo."

"Na wewe ungelala," nikamwambia.

Nikaenda kufungasha vitabu vyangu.